Mdogo wangu, wewe uliyenizimia simu

Mdogo wangu,

Najua hupokei simu zangu kwahiyo nakuandikia hapa, maana shemeji kaniambia huwa unapita kusoma ukiwa lindo usiku. Hitma ya Baba nimesikia ilienda vizuri, watu walikula wakabakiza. Ulibeba mzigo mzito peke yako na mimi nikiwa mbali, Mungu akulipe, hilo nalisema mbele za watu na sirudi nyuma.

Ila lile la siku ya mazishi halijanitoka. Mama mdogo kashika simu barazani, naona kwa video jeneza linatolewa mlangoni, wabebaji wamenipa mgongo, mara nasikia sauti yako "huyo mwacheni na wadudu wake waliokufa", ukamnyang'anya simu ukazima. Nilipiga weee, haipatikani. Sikumuona Baba akitoka uani. Mdogo wangu, hata mtu baki hafanyiwi hivo.

Na sio wadudu. Tangu nianze kusoma jiolojia huku Kanada hujawahi kuniuliza hata siku moja nasoma nini, basi leo nakwambia. Anaitwa Anomalocaris canadensis, jamaa wa mwanzo mwanzo kabisa wa ukoo wa kamba na kaa, aliishi baharini kama miaka milioni 508 iliyopita, na mabaki yake yako kwenye mawe ya milimani kule British Columbia. Mwaka 1892 mtaalamu wa mabaki ya kale Joseph Whiteaves aliandika kuhusu kipande chenye vipingili na miiba, akasema hiki ni kiwiliwili cha kamba, kichwa kimepotea. Mwaka 1911 Charles Walcott akapata duara lenye vibamba na tundu katikati akaliita konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama jeli, na bonge jingine akaliita jongoo bahari. Wanyama watatu, kila mmoja na jina lake, watu wakakaa nayo hivo miaka na miaka.

Wewe na mimi tuliomenya kamba na Baba pale sokoni Deep Sea, Tanga, tunajua ukichana mgongo unakuta ule uzi mweusi wa utumbo. Kile kipande hakina utumbo, vyote vilivyopatikana hakuna hata kimoja. Derek Briggs akasema 1979 kwamba hiki ni kiungo tu cha mnyama mkubwa, kama mguu, sio kiwiliwili. Alafu 1985 yeye na Harry Whittington wakaonyesha, baada ya Whittington kuchokoa jiwe taratibu, kwamba kile kipande, lile duara na lile bonge vimeungana: kipande ni mkono, duara ni mdomo, bonge ni mwili. Hata hapo hawakumaliza, maana ule mdomo wa vibamba 32 ulikuwa wa ndugu yake anayeitwa Peytoia. Wa Anomalocaris mwenyewe una vibamba vikubwa vitatu, na hilo limeandikwa 2012 tu, baada ya watu wa jumba la makumbusho la Royal Ontario hapa Toronto kufukua wanyama wazima na kuwachunguza mmoja mmoja.

Nimesimama mbele ya ule mkono pale makumbusho mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko sawa. Vipingili 14 ukihesabu na shina, karibu kila kimoja kinashuka na miiba miwili kwa chini, na urefu wa miiba unapokezana, kipingili hiki mirefu kinachofuata mifupi, kuelekea nchani. Macho yamekaa juu ya vikonyo, mbavuni mapezi yamepangana, hana miguu ya kutembelea, anaogelea tu, na mkia una mapezi matatu kila upande. Macho ya ndugu yake mmoja yalipatikana Australia, kwenye kisiwa cha Kangaroo, jicho moja lina lenzi zaidi ya 16,000. Nililia pale, na sehemu ya kilio kile ilikuwa ya Baba.

Nakushauri kama dada yako, usimhukumu mtu kwa kipande. Mimi sikukataa kuja. Mwanasheria aliniambia karatasi zangu zilivyo nikitoka sirudi, na ada ya mwanao nani angelipa, na dawa za Baba miaka yote ile nani alikuwa analipa? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nilifanya lililokuwa linawezekana na ningelifanya tena.

Hati ya kiwanja cha Pongwe iko kwa mama mdogo, usimgombeze, mimi ndo nilimwambia aiweke. Na ile kanzu ya Baba ya kijivu usimpe mtu.

Mwanao kanitumia voisi noti anauliza huyo mnyama alikuwa anauma. Mwambie zamani walidhani anavunja magamba ya trilobiti, wale viumbe wa baharini wa kale wenye gamba gumu, ila utafiti wa 2023 umeona mikono yake haikuwa na nguvu hiyo, ilikuwa miepesi ya kufukuzia viumbe laini majini. Mwambie wewe mwenyewe, na ukimaliza niwekee kwenye simu nimsikie.

Dada yako.