Usikimbilie dukani: barua kwa mwanangu kuhusu tumbo

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Umeniuliza ununue dawa gani kwa hilo tumbo, na mwenzako wa chumbani ameshakwambia ni taifodi. Usinunue kitu kwanza. Jiulize maumivu yalianzia wapi na sasa yako wapi, yalianza lini, yanakuja na kuondoka au yamekaa palepale, na yameandamana na nini: homa, kutapika, kuharisha, hedhi kuchelewa. Daktari atakuuliza hayohayo, na majibu yako ndiyo yatakayomwonyesha apime nini.

Kwa ulivyoeleza, moto kwenye chembe ya moyo unaozidi ukiwa na njaa na kukuamsha usiku, mimi nafikiria asidi au vidonda vya tumbo kuliko taifodi. Watu husema vidonda huletwa na pilipili na mawazo. Hivyo huchokoza tu. Visababishi vikubwa ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Nawe hedhi ikikubana unameza diklofenaki, tena mara nyingine bila kula! Iache kwa sasa. Tumia paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500, kisha subiri saa 6 kabla ya kurudia, na visizidi 8 kwa siku nzima.

Halafu nenda kituo cha afya ukaombe kipimo cha choo cha kumtafuta bakteria huyo. Kile cha damu huweza kuonyesha kwamba bakteria yupo hata kwa mtu aliyekwisha kutibiwa akapona. Na usianze omeprazo, dawa ya kupunguza asidi, kabla ya kupima: ukiwa umeimeza ndani ya wiki 2 zilizopita, au antibiotiki ndani ya wiki 4, bakteria hupungua kiasi cha kutoonekana na utaambiwa huna kumbe unaye. Ukikutwa naye utapewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na omeprazo, kwa kawaida siku 14. Baada ya siku chache utajiona mzima, na hapo ndipo wengi huacha dozi. Wewe imalize, maana bakteria anayebaki huzoea dawa.

Taifodi yenyewe ni ugonjwa wa homa kwanza: homa inayopanda siku hadi siku, kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, tumbo linafuata. Kile kipimo cha damu cha Widal kinachopendwa sana mitaani hunasa hata kingamwili za maambukizi ya zamani. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Ukipewa karatasi ya Widal iliyoandikwa una taifodi wakati huna homa, muulize daktari kwa upole kabla hujabeba mfuko wa dawa.

Kuharisha kwingi huisha kwenyewe, kinachoua ni kuishiwa maji. Pakiti nyingi za ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, huchanganywa kwenye lita 1 ya maji safi, lakini soma maandishi. Kunywa kikombe kila baada ya kuharisha, na kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Ukikosa pakiti, lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usizidishe chumvi. Flagyl, ambayo ni antibiotiki, si dawa ya kila anayeharisha, hata muuza duka akisema nini. Ukiona damu kwenye choo, au choo kinatoka kama maji ya mchele, usikae hosteli.

Sasa kidole tumbo, ambacho huwapata sana vijana wa umri wako. Hakianzi pale kilipo. Huanza na maumivu yasiyoeleweka kuzunguka kitovu, hamu ya chakula inakatika, kichefuchefu kinafuata, na ndani ya saa 12 hadi 24 maumivu huhamia chini kulia na kutulia hapo. Kutapika kwa kawaida huja baada ya maumivu, si kabla. Ukikohoa panachoma, ukitembea unainama, na bajaji ikipanda tuta unashika tumbo. Anayeumwa hivi hulala kimya hataki kuguswa, tofauti na mwenye jiwe la figo ambaye hujigeuzageuza hapati pa kukaa. Kidole tumbo kikipasuka, usaha humwagika ndani, na maumivu huweza hata kupungua kwa muda. Nafuu hiyo inadanganya. Kwa hiyo usimeze dawa ya kukufanya uharishe, usipigwe bomba la kusafisha tumbo, usikandwe tumbo na mtu wa chango. Paracetamol unaweza kumeza na maji kidogo, lakini chakula usile, pengine utahitaji upasuaji.

Jingine nakwambia kama mama, wala sikuchunguzi. Hedhi ikichelewa, kisha tumbo likauma chini upande mmoja, hata kama damu imeanza kutoka kidogo, pima mimba kwa mkojo siku hiyohiyo. Mimba ikitunga kwenye mrija badala ya mji wa mimba, mrija hupasuka, mara nyingi kati ya wiki ya 6 na ya 8, na damu huvujia ndani bila kuonekana. Kizunguzungu, kuzimia, au maumivu kwenye ncha ya bega ni dalili za kukimbizwa hospitali yenye chumba cha upasuaji, si zahanati. Usione haya kumwambia daktari tarehe ya hedhi yako ya mwisho. Iandike kwenye simu.

Vilevile usingoje asubuhi ukitapika damu au kitu kama unga wa kahawa, choo kikiwa cheusi kama lami (vidonge vya madini ya chuma pia huleta weusi, sema kama unavimeza), tumbo likiwa gumu kama ubao, au likijaa huku hupati choo wala hutoi upepo na unatapika nyongo. Maumivu yoyote makali yasiyopungua kwa saa 6 nayo hayana haja ya kupimiwa na majirani.

Mwambie pia mdogo wako Baraka, maana mimi ananionea aibu. Mvulana akishikwa ghafla na maumivu chini ya tumbo, kende nayo ikauma au ikavimba, hiyo huenda imejisokota na daktari ana takriban saa 6 za kuiokoa. Wavulana husema "tumbo" tu wakaishia hapo.

Kadi ya bima iweke kwenye pochi, na namba ya dereva wa bajaji anayelala karibu umpe na mwenzako. Kesho ukitoka kupima nipigie, unisomee karatasi ya majibu neno kwa neno.

Mama yako