Ua la Usambara nalo lihesabiwe

Mhariri, salamu. Kila tukiongelea misitu ya Usambara ni mbao, mkaa na vyanzo vya maji, sawa, lakini kule chini kwenye mawe yenye unyevunyevu kuna ua dogo la zambarau, lina majani manene yenye vinyweleo, ukiligusa laini kabisa, na hilo ndo babu wa yale maua ya kwenye makopo yanayouzwa dunia nzima. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na 1893 likaitwa Saintpaulia, yaani jina lake yeye!

Ishu ni kivuli. Mizizi yake iko juujuu tu, imeshika kaudongo kembamba ka majani yaliyooza kwenye mwamba, sasa mkishakata ile miti mikubwa jua linapiga jiwe moja kwa moja, unyevu unaisha, ua linakauka hata kama hamna mtu aliyeling'oa. Ndo maana hesabu za kusema "tumekata michache tu" mi sizielewi. Wahusika wanapotoa vibali waangalie na chini, sio magogo tu.

Msomaji wenu, Tanga