Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Marekani: Bosi abaki na imani yake, mimi nipewe kitanzi cha uzazi wa mpango

Januari 2025

Mheshimiwa Waziri,

Salamu, na pole kwa shughuli. Najua ni nyingi, maana ndiyo sababu ambayo wizara yako iliitoa Desemba ilipoifuta ile rasimu ya kanuni za uzazi wa mpango bure: muda uliobaki unahitajika kwa mambo mengine. Wiki hiyohiyo nikapokea barua ya bima kunikatalia kitanzi.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya wazee inayoendeshwa na shirika la dini. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani, na wakisali nasali nao, kwa kuwa dini yao ndiyo yangu. Sina ugomvi na imani ya mtu. Lakini mtoto wangu wa mwisho nilijifungua kwa upasuaji, daktari akataka nipumzike kwanza, akashauri kitanzi. Bima ya kazini inasema mwajiri ana msamaha wa kidini wa kutolipia uzazi wa mpango, kwa hiyo nilipe mwenyewe. Dola elfu moja na ushei! Jaji Ginsburg wa Mahakama ya Juu aliandika mwaka 2014, katika kesi ya Hobby Lobby, kampuni iliyokataa kwa imani ya wenyewe kulipia baadhi ya njia za uzazi wa mpango, kwamba gharama ya kitanzi inakaribia mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi wa kima cha chini. Upande wake ukashindwa kwa kura 5 kwa 4.

Wakati ule angalau palikuwa na njia ya pembeni: mashirika ya dini yakikataa, kampuni ya bima inalipa yenyewe. Kanuni za 2018 zikaifanya njia hiyo hiari ya mwajiri, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikasema, kwa kura 7 kwa 2, kuwa serikali ina mamlaka ya kuzitunga. Serikali yenyewe ilikuwa imekadiria kwamba wanawake kati ya 70,500 na 126,400 wangepoteza huduma. Naomba nami nihesabiwe.

Halafu mwanzoni mwa 2023 mkatupa matumaini kwa rasimu hiyo mliyoifuta: mwanamke aende kwa mtoa huduma aliye tayari, ahudumiwe bure, na mwajiri asihusishwe kwa lolote. Tukapiga makofi. Karibu miaka miwili rasimu ikalala. Nahisi mliogopa kesi nyingine, au mlingoja uchaguzi upite. Au waogesha wazee hatuna wa kutusemea huko Washington.

Dada yangu yuko Tanga. Alikwenda zahanati ya serikali, akawekewa kijiti cha kuzuia mimba bila kulipa, akarudi zake kupika. Ananiuliza, huko Marekani mna shida gani? Nimjibu nini, Mheshimiwa?

Tarehe 20 mnaondoka. Kabla hujafunga ofisi, irudishe ile rasimu, au umkabidhi anayekuja faili hilo mkononi. Simtaki bosi alipe. Simtaki hata atie saini. Bima nakatwa kila mshahara; inilipie kitanzi, basi. Inilipie kitanzi.

Nasubiri jibu lako.

Mhudumu wa wazee, zamu ya usiku