Malalamiko kuhusu ngozi na bizimu mlizoniuzia kwa ajili ya mikoba ya sinema

Fundi wa Mikoba,
Mtaa wa Langoni,
Lamu.

9 Septemba 2024

Kwa Meneja wa Mauzo,
Idara ya Ngozi na Vitambaa,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: NGOZI NA BIZIMU ZISIZOLINGANA NA SAMPULI MLIYONITUMIA

Salamu kutoka Lamu. Nimewapigia simu mara tatu na kuwatumia picha mara mbili. Jibu la maana sijapata, kwa hiyo nimeona niandike barua.

Mimi ni fundi wa mikoba, na huu ni mwaka wangu wa 22 katika kazi hii. Nilianza utotoni kwa kumshikia marehemu baba yangu pindo za matanga ya majahazi. Yeye alishona kitambaa cha merikani kwa shazia, ile sindano kubwa ya matanga, na uzi uliopakwa nta. Tanga likichakaa hakulitupa, alilikata akatengeneza mifuko ya wavuvi. Mpaka leo mikoba yangu mingi naishona kwa matanga makuukuu, na wanaoinunua hurudi baada ya miaka kuniletea ndugu zao. Nawaeleza haya ili mjue kuwa barua hii imeandikwa na mtu anayejua anachokishika mkononi.

Mwezi wa Julai alinijia kijana kutoka Malindi. Yeye na wenzake watatu wanapenda kuvaa kama wahusika wa sinema, na safari hii walitaka mkoba anaouvaa Harrison Ford kama Indiana Jones katika filamu ya Steven Spielberg, Raiders of the Lost Ark, ya mwaka 1981. Aliniletea mkoba wa zamani aliopewa na mjomba wake aliyekuwa akiishi Uingereza, nami nikakaa nao siku tatu kabla ya kukata kitu chochote. Nikafumua mshono mmoja wa pembeni nione ulivyopangwa, kisha nikaurudishia kwenye matundu yale yale. Kumbe mkoba ule wa sinema haukubuniwa na watu wa mavazi. Ulikuwa mkoba wa kinyago cha gesi wa jeshi la Uingereza, aina ya Mk VII, wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni turubai la pamba, na ndani umegawanywa vyumba viwili, kimoja cha kinyago na kingine cha mkebe wa chujio. Mkanda wake wa kijeshi ulikuwa wa kitambaa. Watengenezaji wa filamu waliuondoa wakatia wa ngozi, na ukanda huo wa ngozi ndio unaoutambulisha mkoba mtu akiuona kwenye skrini. Bila ngozi, huo ni mkoba wa askari tu.

Ndiyo maana nilihangaika kutafuta ngozi inayofaa. Sikutaka ngozi ya kromu, ile laini ya viatu na makochi. Nilitaka iliyodabaghiwa, yaani iliyotengenezwa isioze, kwa magome ya miti, nene, ya rangi yake ya asili, ambayo huanza nyeupe-nyeupe kama maziwa ya chai kisha jua na mafuta ya mikono huipa rangi kadiri inavyotumika. Huku kwetu jambo hili si geni. Magome ya mkoko yalikatwa katika visiwa hivi na kusafirishwa ng'ambo kudabaghia ngozi, na wazee bado wanakumbuka.

Mlinitumia kipande cha sampuli, upana wa kiganja. Nilikipima nikakuta milimita 3.2. Nilikidondoshea tone la maji, likaingia na kuacha doa jeusi-jeusi lililokauka polepole, kama inavyotakiwa. Nilikikunja, hakikupasuka. Ukingo wake niliusugua kwa kipande cha mpingo na nta ya nyuki, ukang'aa mpaka mke wangu akauliza kama nimeupaka rangi. Niliridhika. Tarehe 12 Agosti nikalipia ngozi futi mraba 18 kwa Sh380 kila futi, yaani Sh6,840. Nikaongeza turubai la pamba mita 5 kwa Sh3,250, na seti nne za bizimu na pete ambazo tangazo lenu lilisema ni za shaba, Sh1,800. Jumla Sh11,890. Gharama ya basi hadi Mokowe na mashua ya kuvuka hadi hapa ilinifikia Sh850.

Mzigo ulifika tarehe 22 Agosti. Niseme haki: turubai halina kasoro. Limefumwa vizuri, ni pamba, na rangi yake ya kaki imekaribiana sana na ya mkoba wa zamani. Sina lalamiko juu yake wala sitalirudisha.

Ngozi ndiyo iliyonivunja moyo. Nilipoifungua tu, harufu iliyotoka haikuwa ya ngozi. Mama yangu alikuwa amekaa barazani akauliza, "Mbona kwanuka rangi?" Nilipoipima unene ilikuwa milimita 1.8. Nikadondosha maji, yakakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba mpaka nikayafuta kwa kitambaa. Nikakata kipande pembeni nikaangalia ukingo kwa kioo cha kukuzia. Juu kuna utando wa plastiki uliopigwa alama za vinyweleo. Katikati kuna unga-unga wa kahawia. Chini kabisa kuna kitambaa kilichobandikwa. Hizo ni chembe za ngozi zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikatandazwa na kupakwa rangi. Nilipochoma kipembe chake, plastiki iliyeyuka na kudondoka. Ngozi haidondoki, Bwana Meneja. Ngozi huungua polepole na kunuka kama nywele zilizoungua.

Hata hivyo sikutaka kuwahukumu kwa macho na pua tu. Nilikata ukanda mmoja, upana wa inchi moja na robo, nikautoboa matundu kwa msharasi na kuufunga bizimu, nikauning'iniza kwenye boriti la chumba changu cha kazi. Chini yake nikafunga ndoo yenye kilo 8 za mchanga. Kilo 8 ni zaidi ya uzito wa kitabu, chupa ya maji, kamera na vitu vidogo ambavyo mtu hubeba bila kufikiri. Kwenye boriti lilo hilo nikaning'iniza ukanda mwembamba nilioukata kutoka kwenye sampuli yenu, upana wa inchi nusu tu, nao nikaufunga ndoo ya uzito ule ule. Hiyo ilikuwa baada ya sala ya isha. Alfajiri nilipotoka msikitini nilikuta mchanga umemwagika sakafuni. Tundu la bizimu lilikuwa limevutika likawa refu kama jicho, kisha likachanika hadi mwisho wa ukanda. Ukanda wa sampuli ulikuwa bado umeshikilia ndoo yake. Niliuacha pale siku nne zaidi, haukurefuka hata unywele.

Na bizimu. Nilichukua sumaku ya spika ya redio mbovu nikaisogeza, zikarukia zote nane, pete na bizimu. Shaba haishikwi na sumaku. Hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu. Pengine huko Nairobi kingekaa miaka. Hapa upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya makabati, na seti moja niliyoiweka dirishani ilianza kutoa kutu siku ya tisa.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa huduma kwa wateja alinisikiliza kwa adabu, lakini jibu lake limenikaa moyoni hadi leo. Aliniambia, "Mzee, hiyo si ni begi ya sinema tu? Nani atajua?"

Naomba nilijibu hapa, maana kwenye simu nilikosa maneno. Anayeagiza mkoba kama huu ndiye anayejua kuliko wote. Amesimamisha filamu mara mia akitazama ukanda unavyopinda begani. Anajua bizimu inakaa upande gani. Na mkoba wenyewe anaouiga haukuwa kitu cha kuigiza hata siku moja. Ulishonwa umlinde askari asife kwa gesi, ukaingia kwenye sinema ukiwa umeshatengenezwa kwa ajili ya kazi, ndiyo maana ukifananishwa na mwingine wowote unaonekana wa kweli. Mtu akiuiga kwa plastiki amekosea jambo la kwanza kabisa. Hata kama mkoba ungekuwa wa mchezo wa watoto wa shule, mimi nililipia ngozi. Kijana wenu hakusema kuwa nimekosea kutambua nilichopokea. Alisema tu kuwa hakuna atakayegundua.

Wa kwanza kujua baada yangu alikuwa mteja wangu. Alifika tarehe 31 Agosti kwa basi la asubuhi akitarajia mikoba minne. Nilimwonyesha ukanda uliochanika na sampuli, nikamweleza kila kitu. Alitulia muda mrefu akiupapasa mkoba wa kwanza, maana kazi ya turubai nilikuwa nimeimaliza na ilikuwa nzuri. Mwishowe aliondoka na mikoba yenye mikanda ya turubai, kama walivyokuwa nayo wanajeshi wenyewe. Nilimrudishia Sh2,000 kwa kila mkoba, jumla Sh8,000, kwa sababu hicho sicho nilichomwahidi. Hakunilaumu, na hilo lilinielemea zaidi kuliko kama angegomba.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inataka bidhaa iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli hiyo kwa ubora. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili afaidike nazo, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sampuli yenu ninayo. Risiti ninayo. Tangazo lenu lililosema "ngozi halisi" na "bizimu za shaba" nimelihifadhi kama lilivyokuwa siku niliponunua.

Ninachoomba ni hiki. Mnirudishie Sh8,640 za ngozi na bizimu, pamoja na Sh850 za usafiri, nami nitawarudishia ngozi na bizimu zote kwa gharama yenu, isipokuwa ukanda niliouharibu kwa kuupima. Kuhusu zile Sh8,000 nilizomrudishia mteja, nazidai pia, kwa sababu zimetoka mfukoni mwangu kwa kosa lisilo langu. Ikiwa bado mnayo ngozi ile ya sampuli, na naamini mnayo kwani mliikata mahali, niko tayari kuinunua kwa bei ile ile, ili nimtengenezee kijana wa Malindi na wenzake mikanda waliyoitaka. Wao bado wanaisubiri. Lakini safari hii nipimieni unene kabla ya kufunga, na mniandikie kwenye risiti kuwa imedabaghiwa kwa magome.

Tena naomba mlibadilishe lile tangazo. Sina shida na nyinyi kuuza ile bidhaa yenu. Wapo watakaoihitaji kwa vitu vyepesi visivyobeba uzito. Iiteni jina lake, na mnunuzi ajue anachonunua kabla hajatoa pesa.

Nasubiri jibu lenu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Likikosekana nitafuata njia ambayo sheria imenipa. Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za ukingo wa ngozi, picha ya bizimu yenye kutu, na nusu ya ukanda uliochanika. Nusu nyingine nimebaki nayo pamoja na sampuli.

Wako mwaminifu,

Fundi wa Mikoba,
Langoni, Lamu.