Muuzaji aulizwe mnyama katoka wapi

Mhariri,

Sina ugomvi na anayemfugia mtoto wake sungura au simbilisi. Kinachonitia wasiwasi ni muuzaji anayechanganya wanyama wa porini na wa kufugwa kwenye banda moja.

Marekani yaliwakuta mwaka 2003. Shehena ya wanyama wadogo wapatao 800 iliingia Texas kutoka Ghana, wakiwamo kindi na panyabuku (binamu wa hawa wetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, wanaofundishwa kunusa mabomu). Baadhi walipelekwa Illinois, wakawekwa karibu na wanyama wa hukohuko, jamii ya kindi wachimbao mashimo, ambao Wamarekani hupenda kuwafuga. Hao wakaambukizwa virusi vya mpox (homa ya nyani, ugonjwa wa homa na vipele), wakauzwa, wakaingia majumbani navyo. Watu 47 katika majimbo sita walithibitika au kudhaniwa kuugua. Bahati nzuri hakufa mtu. Mwaka huohuo serikali yao ikapiga marufuku kuingiza panya na kindi wa Afrika.

Sasa fikiria: mnyama aliyempa mtu ugonjwa hakuwahi kukanyaga Afrika. Mnunuzi angejuaje?

Maofisa mifugo wetu hukagua nyama buchani. Wapite basi na kwa wauzaji wa vinyama hivi. Na wewe mzazi, kabla ya kutoa hela, uliza kamezaliwa wapi na kalikaa na wanyama gani. Muuzaji akianza kubabaika, ondoka.

Msomaji wako,
Morogoro