Mama, sumu ya nyoka si uchawi

Asalaam aleikum mama yangu, na baba na wote hapo Arua. Mimi mzima alhamdulillah, baridi ya Liverpool tu ndo inasumbua ila masomo yanaenda. Nimesikiliza voisi ya dada kuhusu yule kifutu mliyemuua kwenye muhogo, nikasikia na mjomba kwa nyuma anasema nyoka ametumwa na mtu, eti hata angeuma kuna jiwe jeusi linafyonza sumu. Mjomba namheshimu sana lakini hili siwezi kunyamaza, ndo maana naandika kirefu.

Huku nimemuona fira akikamuliwa sumu. Mwalimu anamshika nyuma ya kichwa, nyoka anauma plastiki nyembamba iliyofunika glasi, yanadondoka matone machache ya njano yanayonata kidogo, basi. Yakikaushwa yanakuwa unga, na unga wenyewe karibu wote ni protini, vitu vya aina ileile ambavyo mwili wako mama unatengeneza kila siku.

Na zimetoka hukohuko mwilini. Zamani sana, mamilioni ya miaka, mababu wa hawa nyoka walikuwa na jeni, yaani maelekezo ya kurithi ya kutengeneza protini, za kazi za kawaida, jeni moja ikajinakili zikawa mbili, ya kwanza ikabaki na kazi yake, ile nakala ikawa huru kubadilika ikaanza kufanya kazi kwenye tezi za mdomoni, na nyoka ambaye mate yake yalimlegeza panya haraka ndo alishiba na kuzaa zaidi, vizazi na vizazi mpaka hawa wa leo.

Sumu ya kifutu ina enzaimu, yaani protini zinazokata au kubadilisha vitu vingine, zenye madini ya zinki. Ndugu zake tunazo sisi pia, zinakata protini kwa mpangilio, ila za nyoka zinakata kuta za mishipa midogo, damu inavuja ndani kwa ndani, mguu unavimba, malengelenge yanatoka, nyama inakufa. Sasa jiwe limekaa juu ya ngozi litafyonza nini na sumu ishazama? Na kamba msifunge kabisa, mnazuia damu na sumu mnaikusanya sehemu moja, mtu anapoteza mguu hivihivi.

Fira yeye hana haja ya kukata. Protini yake ndogo inakaa pale ambapo mshipa wa fahamu unaupa msuli amri, kama ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli, amri haipiti tena. Kope zinaanguka kwanza, mwisho kifua hakivuti pumzi. Nguchiro anapona kwa sababu hapo mahali kwenye misuli yake pamebadilika umbo, sumu hainati vizuri, hakuna hirizi pale. Na wale fira wanaotema sumu, tabia hiyo imetokea mara 3 mbalimbali, kwa fira wa Afrika, wa Asia, na yule jamaa yao wa Afrika Kusini, na wote watatu wameongeza enzaimu ileile ya kuzidisha maumivu! Watoto wakitemewa osheni macho kwa maji mengi hapohapo.

Hata dawa za presha za baba zina historia humu. Kaptopril, iliyoanza kutumika 1981, ilibuniwa kwa kufuata sumu ya nyoka mmoja wa Brazil anayeshusha presha ya anayemuuma.

Dawa ya kuumwa ipo tangu miaka ya 1890. Farasi anachomwa sumu kidogokidogo, damu yake inatengeneza kingamwili, yaani protini za kinga zinazoikamata sumu, hizo ndo zinachujwa na kuwekwa kwenye chupa. Lakini kingamwili inakamata sumu inayoifahamu, dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa India inaweza isimsaidie mtu wa Arua, na hili linaniuma kwa sababu WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema watu 81,000 hadi 138,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, wengi wakulima kama nyie.

Kwa hiyo mtu akiumwa, mvueni pete na viatu, msichanje, mguu usitikiswe, tafuteni gari au boda, mmoja akae nyuma amshike, moja kwa moja hospitali. Nyoka msihangaike kumkamata, pigeni picha kwa mbali kama inawezekana. Nimemtumia dada hela ya gambuti kwenye simu, anunue za wote wanaoshuka shambani, na tochi. Mjomba akitaka kubishana anipigie jioni, nitapokea.