Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga: kila fremu ipate namba yake

Ndugu Mkurugenzi,

Yah: Kiwango kimoja cha taarifa za majengo ya biashara

Salaam. Mimi ni msimamizi wa majengo ya biashara hapa Tanga. Nakusanya pango, naandaa mikataba, natafuta wapangaji wa fremu (vyumba vya maduka), ofisi na maghala kwa niaba ya wenye nyumba ambao wengi wao hawaishi hapa. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba kinamgusa kila anayepanga na kupangisha mjini kwetu. Naomba Jiji liweke kiwango kimoja cha kuandika taarifa za majengo ya biashara, na likiweke kabla ya kuleta au kuunganisha mfumo mwingine wowote wa kompyuta.

Chukua fremu moja tu. Iko Ngamiani, kwenye nyumba ya kona, zile za zamani zenye baraza mbele. Mkataba wa pango unaiita "fremu ya tatu kutoka kona, upande wa msikiti". Ripoti ya mthamini inasema ina mita za mraba 24. Fomu ya mkopo ya mpangaji inasema futi za mraba 340, ambazo ukizigeuza unapata karibu mita 32. Hakuna aliyedanganya. Mmoja alipima ndani ya kuta, mwingine alijumlisha kuta pamoja na baraza. Lakini mkopo ulisimama, na mama muuza vitenge aliyekuwa anausubiri kwa ajili ya mzigo wa Idi aliingia msimu ule rafu zake zikiwa nusu. Tulipotaka kujua kipimo kipi ndicho sahihi, hapakuwa na mahali pa kuuliza, kwa sababu hakuna aliyekwisha kuamua fremu inapimwaje.

Hilo baraza si jambo dogo, Ndugu Mkurugenzi. Mwenye duka anapanga bidhaa pale, fundi cherehani anaweka mashine yake pale kwa makubaliano ya mdomo, wapita njia wanajikinga mvua pale pale. Je, limo kwenye pango au halimo? Kila mkataba ninaoshika una jibu lake, na mingine haina jibu kabisa. Viwango vya kimataifa vya upimaji wa majengo, vinavyojulikana kwa kifupi IPMS, vilianza na ofisi mwaka 2014, na mwaka 2023 vikaunganishwa kuwa kiwango kimoja cha majengo ya aina zote. Kwa ofisi, tangu mwanzo vilielekeza kwamba roshani na maeneo ya wazi yaliyoezekwa yapimwe, lakini yaandikwe kando, yasimezwe ndani ya jumla. Hivyo ndivyo baraza la Ngamiani linavyostahili kuandikwa. Kampuni ya majengo ya JLL iliwahi kuonyesha kwamba ukubwa wa jengo lile lile unaweza kutofautiana hadi asilimia 24 kutegemea njia iliyotumika kupima. Anayelipa pango kwa mita ya mraba anajua asilimia 24 inauma vipi.

Hatuanzi sifuri. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba namba na mitaa vibao, na programu ya NaPA leo inaweza kumfikisha mgeni hadi mlangoni. Ni kazi kubwa na ninaitumia kila wiki. Ila nyumba moja ya biashara inaweza kuwa na fremu sita, stoo mbili na ofisi ghorofani, zote zimejibanza nyuma ya namba moja. Kwenye ardhi nyumba hiyo inajulikana kwa kiwanja na kitalu, kwenye umeme kwa mita, kwenye kodi kwa namba ya mlipakodi (TIN) ya mtu, na kwenye leseni kwa jina la biashara. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inalipwa kupitia LUKU, yaani inakatwa unaponunua umeme, na matokeo yake mita ndiyo imegeuka kuwa jengo. Nyumba yenye mita tano ina mazungumzo yasiyoisha kati ya mwenye nyumba na wapangaji: mita ipi ibebe kodi, na nani amrudishie nani.

Ninachopendekeza ni chepesi. Namba ya anwani ibaki ilivyo, kisha kila sehemu inayopangishika ipewe alama yake chini ya namba hiyo, na alama hiyo isibadilike hata duka la viatu likigeuka duka la dawa. Chini ya alama hiyo yaandikwe mambo machache: iko ghorofa ya ngapi, inatumika kwa kazi gani, eneo la ndani, eneo la baraza, imepimwa kwa njia ipi na lini, mita yake ya umeme, na kiwanja ilipo. Ofisi yoyote inayoigusa fremu hiyo itumie alama ile ile.

Jina la mwenye mali likae kando. Kiwango cha kimataifa cha ISO 19152, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2012 na kinachohusu kumbukumbu za ardhi, kinatenganisha vitu vitatu: mtu, haki aliyonayo, na mahali penyewe. Sisi Tanga tuna sababu ya kukielewa haraka. Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka 1971 iligusa nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000. Zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Ongeza hapo nyumba za mirathi zenye warithi kumi. Mwenye haki amebadilika, karatasi zimebadilika, ukuta uko pale pale. Daftari linaloanza na jina la mtu linachakaa kila anapofariki mtu.

Na wateja wameshaanza kufika. Bandari sasa inahudumia meli zikiwa zimefunga gatini. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapa kwetu Chongoleani. Wanaonipigia simu wanataka ghala la ukubwa fulani, lenye umeme wa njia tatu na nafasi ya lori kugeuza. Ninachowatumia ni picha za WhatsApp na kipimo alichonitajia dalali. Tanga hii hii, mwaka 2024, mamlaka yetu ya maji iliuza hatifungani ya kijani (mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi rafiki kwa mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, na hakuna anayenunua hatifungani bila kusoma hesabu. Majengo yetu nayo yasomeke.

Najua wako watakaopinga. Wenye nyumba watahofia kodi, na madalali watahofia kukosa kazi. Kwa madalali nasema kwa uzoefu: mteja mwenye vipimo sahihi anaamua mapema, na kamisheni inalipwa mapema. Kwa wenye nyumba nasema kwamba giza hili linawanufaisha zaidi wanaodai kilemba, ile fedha ya kuachiwa nafasi, juu ya fremu zisizo zao. Majina ya wapangaji na kiasi cha pango visiwekwe hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tuwe waangalifu, na ni haki. Kinachotakiwa kuonekana na wote ni alama, mahali, ukubwa na matumizi.

Naomba, basi, kiwango hicho kiandikwe kwa Kiswahili, kurasa mbili zitoshe, na kijaribiwe kwanza Ngamiani na mjini kati. Na kila mkataba wa mfumo utakaosainiwa baada ya hapo uwe na sharti kwamba taarifa ni za Jiji, na zinaweza kutolewa na kusomwa na mfumo mwingine bila kulipia upya. Mfumo utapitwa na wakati, lakini vipimo vilivyochukuliwa vizuri vitahamia kwenye unaofuata.

Majengo ninayosimamia yako tayari kuwa ya kwanza. Wenye nyumba nimeshazungumza nao, na wamekubali fremu zao zipimwe, ndani na barazani, siku yoyote ofisi yako itakayoipanga.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msimamizi wa majengo ya biashara
Ngamiani, Tanga